Maua Nyumbani Wakati wa Kaskazi: Kuchagua Vitambaa vya Mapazia, Mito na Makochi Mombasa

Kitambaa cha maua hununuliwa kwa macho. Jora hukunjuliwa mezani pale Biashara Street, mawaridi yakatandazika, na kabla mnunuzi hajauliza nguo imefumwa kwa nyuzi gani, bei imeshapatana. Kaskazi ikishika ndipo mambo hujitokeza: pazia limepauka ukingo unaotazama jua, mito ya kochi inanata mgongoni, bitana imeota vidoti vyeusi vya koga, na upepo uliokuwa ukiingia chumbani haupiti tena. Maua yenyewe bado mazuri. Utaratibu wa kuchagua ndio uliopinduka.

Kwa nyumba ya pwani, ua liamuliwe mwisho. Zianze nyuzi, halafu dirisha linatazama wapi, halafu rangi ya uwanja ambao maua yamelala juu yake, halafu ukubwa wa ua na urefu wa marudio yake. Ukishayapima hayo manne, majora mengi ya dukani yatakuwa yameondoka yenyewe, na kwa machache yaliyobaki chagua unalolipenda bila wasiwasi.

Nyuzi

Joto la Mombasa si la kuunguza tu. Upepo wa kaskazi huanza kushika Novemba au Desemba ukakaa hadi Machi, na Februari na Machi mchana hufika nyuzijoto 32 au 33. Lakini kinachochosha zaidi ni unyevu wa bahari, kwa sababu jasho halikauki upesi na usiku haupoi vya kutosha. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kitambaa chochote ni hili: kinafanya nini na maji?

Pamba ikiwa katika hewa ya kawaida hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake mkavu, na ukiigusa huioni imelowa. Kitani hubeba zaidi, kama asilimia 12. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana ukikaa kwenye kochi la poliesta jasho hubaki baina ya ngozi na kitambaa, na ukikaa kwenye pamba kitambaa hulinywa. Kanuni yangu ni nyepesi: chochote kinachogusa mwili, iwe mto, foronya, shuka au kava la kochi, kiwe pamba au kitani. Velveti na mahameli za maua, hata zikiwa na sura ya kifalme, ziwekee miezi ya kusi au uziache kabisa.

Dirishani hesabu inabadilika. Pamba inayokunywa jasho lako hunywa pia unyevu wa hewa, na ikining'inia karibu na ukuta usiopata jua huota koga. Jua nalo hula nyuzi za pamba polepole mpaka zinachanika kama karatasi. Poliesta hulivumilia zaidi. Kwa hiyo kwa pazia linalopigwa na jua kali mchanganyiko wa pamba na poliesta si udanganyifu wa muuzaji, ni chaguo la busara. Hariri ndiyo mbaya kuliko zote kwa dirisha la pwani, kwani jua huimaliza upesi.

Reyoni nayo inahitaji tahadhari ya peke yake, maana ndiyo nguo ya madera mengi, na maua ya madera huvutia sana. Inapendeza mwilini kwa kuwa ni baridi na inaanguka vizuri. Lakini ikilowa hupoteza nguvu nyingi, ikifuliwa mara ya kwanza hurudi sana, na ikitundikwa katika hewa nyevu hurefuka kwa uzito wake mpaka pindo linafagia sakafu. Ifanye kitambaa cha kufunika meza ndogo au foronya ya pambo. Usiipe kazi ya dirisha wala ya makalio.

Muuzaji akisema "hii pamba tupu", chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, zishike kwa kibano juu ya sinki na uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, harufu ni ya karatasi, na jivu lake ni jepesi la kijivu linalosagika. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, na huacha kidonge cheusi kigumu kisichovunjika kwa vidole. Mchanganyiko hufanya yote mawili: unawaka na unaacha vipunje vigumu. Zijaribu nyuzi za urefu na za upana mbalimbali, kwa kuwa baadhi ya vitambaa vina pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili.

Uzito nao ni wa kuuliza. Nguo nyepesi ya dirishani inayopitisha upepo huwa gramu 60 hadi 100 kwa mita ya mraba, pazia la kawaida 150 hadi 200, foronya za mito 180 hadi 250, na kochi linalokaliwa kila siku linataka 300 kwenda juu. Dukani hawajui gramu? Inua kitambaa kielekee mlango, mkono mmoja ukiwa nyuma yake. Ukiona vidole vyako vyote vitano wazi, hiyo ni ya kuchuja mwanga tu. Ukiona kivuli cha mkono bila vidole, inafaa pazia. Usipoona kitu, ipeleke kwenye kochi.

Rangi inayokaa na rangi inayoondoka

Geuza kitambaa upande wa pili. Rangi iliyoingia ndani ya nyuzi utaiona nyuma ikiwa imefifia kidogo tu. Nyuma ikiwa nyeupe kabisa na ua limekaa juu kama ngozi, rangi hiyo imebandikwa, na itaanza kutoka mahali pa mikunjo na mahali viwiko vinapoegemea. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua ua jekundu mara kumi kwa nguvu. Waridi la rangi ya pinki kwenye kitambaa chako cheupe ni habari ya kutosha.

Bado hilo halijakuambia litafanya nini juani. Kwa hili nunua robo mita kabla hujanunua mita kumi. Kata vipande viwili. Kimoja kifue kwa sabuni unayotumia kila siku, mara tatu, na ukipime kabla na baada. Kingine kibandike kwenye kioo cha dirisha lenyewe kwa wiki mbili, nusu yake ukiifunika kwa kadibodi. Kioo hakikuokoi, maana kinazuia sehemu tu ya miali ya jua na kuruhusu iliyobaki, na hiyo inatosha kupausha. Ukiondoa kadibodi ukaona mstari, umeokoa pesa nyingi. Nyekundu, pinki na zambarau za bei nafuu ndizo huondoka mwanzo. Majani ya kijani hubadilika kuwa ya buluu kwa sababu manjano iliyomo ndani yake imetangulia kufa.

Watu wengi huloweka nguo mpya kwa chumvi au siki wakiamini rangi itafungika. Haifungiki. Chumvi husaidia wakati nguo inatiwa rangi kiwandani, pale inapoisukuma rangi iingie kwenye pamba. Nguo ikishauzwa, rangi ambayo haikushika haina budi kuoshwa itoke. Suuza kwa maji baridi, umwage, urudie mpaka maji yawe meupe. Ikifika mara ya sita na maji bado mekundu, kitambaa hicho kisikae karibu na ukuta mweupe.

Suala hili la rangi lina historia ndefu. Chiti za Bara Hindi, nguo za pamba zenye maua ambazo majahazi yaliziuza pwani hii na meli za Wazungu zikazipeleka kwao, zilipendwa kwa sababu zilifulika. Mafundi wa Kihindi walipaka nguo madini kama shabu kabla ya rangi, yakaishika rangi ndani ya nyuzi, na ua likatoka majini lilivyoingia. Wafumaji wa Ulaya walishindwa kushindana nazo hata Ufaransa ikazipiga marufuku mwaka 1686, marufuku iliyodumu mpaka 1759, na Uingereza ikatunga sheria zake mwaka 1700 na baada yake. Mamlaka hayo yote yaliogopa nguo ya maua isiyochuja. Nasi tuidai dukani.

Dirisha linatazama wapi

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu utosini, na hata Desemba linapoelekea kusini bado liko juu kiasi kwamba upenu wa kawaida wa paa hulizuia. Jua linaloingia ndani na kula mapazia ni la chini: la asubuhi kwenye madirisha ya mashariki na la alasiri kwenye ya magharibi. Magharibi ndiyo taabu kubwa, kwani linafika wakati nyumba imeshapata moto.

Upepo wa kaskazi nao unatoka kaskazini-mashariki. Madirisha ya upande huo, miezi hii, ndiyo mapafu ya nyumba, na kuyaziba kwa pazia zito la maua makubwa ni kujinyima hewa. Hapo tumia nguo nyepesi yenye maua yaliyotawanyika, au pazia fupi linaloziba nusu ya chini ya dirisha na kuacha juu wazi: wapita njia hawaoni ndani, na hewa inaingia. Nyumba za Mji wa Kale, zilizobanana vichochoroni, zinanufaika sana na pazia fupi, na faida nyingine ni kwamba linahitaji nguo kidogo, hivyo unaweza kununua pamba bora zaidi.

Magharibi weka tabaka mbili. Nje, upande wa kioo, iwe bitana nyeupe ya bafta, yaani pamba nyeupe nyembamba, au ya mchanganyiko wa poliesta. Ndani ndiyo ikae nguo ya maua. Nyeupe hurudisha mwanga nje kabla haujawa joto, na ua halipigwi moja kwa moja. Mwambie fundi asiishone bitana pamoja na pazia. Aitie vishikizo au vikulabu vyake ili ivuliwe peke yake. Bitana ndiyo itakayoota koga na kuliwa na jua mwanzo, na kubadilisha mita saba za bafta ni nafuu kuliko kubadilisha pazia zima.

Walio karibu na bahari, Nyali, Shanzu, Likoni upande wa pwani, wana adui wa ziada. Hewa yao ina chembe za chumvi, na chumvi huvuta maji. Kitambaa chenye chumvi hakikauki kabisa hata siku ya jua, kwa hiyo koga hupata pa kuanzia. Mapazia ya huko yasuuzwe kwa maji baridi matamu walau mara moja kwa mwezi wakati wa upepo mkali. Vikulabu viwe vya plastiki, bomba la pazia liwe la mbao, aluminiamu au chuma cha pua, na zipu ziwe za nailoni. Zipu ya chuma hushika kutu ndani ya foronya, na doa la kutu juu ya waridi halitoki kwa sabuni.

Uwanja na ukubwa wa ua

Macho huvutwa na ua, lakini chumba hukaliwa na uwanja. Katika kitambaa chenye maua machache, zaidi ya nusu ya eneo ni rangi ya nyuma, na hiyo ndiyo itakayoamua kama chumba kinapumua au kinabana. Kwa kaskazi napendelea nyeupe iliyozimika kidogo, rangi ya maziwa ya nazi, au buluu na kijani hafifu. Nyeupe kali inayong'aa inaumiza macho saa sita mchana karibu na ukuta uliopakwa chokaa, na kila chembe ya vumbi inaonekana. Uwanja mweusi wenye mawaridi makubwa umekuwa wa kutamaniwa sana madukani. Ni mzuri usiku chini ya taa, lakini dirishani hunywa joto na kupauka kwake hakufichiki. Ukiupenda, uweke kwenye mito miwili.

Ukubwa wa ua upimwe mahali pa kazi yake. Simama mita 3 kutoka kwenye jora, ambao ndio umbali wa kutoka kochi hadi dirisha katika sebule ya kawaida. Maua ya sentimita 1 au 2, yaliyokuwa matamu mkononi, kutoka hapo yanachanganyika kuwa rangi moja ya tope. Yatumie pale jicho linapokuwa karibu: foronya, kitambaa cha meza, shuka la mtoto. Kwa pazia la sebule ua la sentimita 12 hadi 25 linasomeka. Kwa mto wa sentimita 45, ua moja la 20 katikati au maua kadhaa ya 5 hadi 8.

Halafu, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, pazia haliningʼinii bapa. Lina marinda. Kitambaa kilichokunjwa marinda mara mbili ya upana wa dirisha huonyesha migongo ya mikunjo na kuficha mabonde yake, kwa hiyo ua pana hukatika: nusu uso, nusu kivuli. Dukani kusanya kitambaa mkononi mikunjo mitano sita, ukiinue kining'inie, ndipo ukitazame. Vipo vitambaa vinavyopendeza mezani na vikakosa maana vikiwa vimekunjwa, hasa vyenye shada moja kubwa katikati. Maua yanayopanda kwa tawi, kama yasmini au bugenvilia inayotambaa kutoka chini kwenda juu, huvumilia marinda vizuri zaidi, kwa sababu jicho hufuata tawi na kujaza lililofichwa.

Kama sakafu ina zulia lenye maua, na nyumba nyingi zetu zinalo, usiweke pazia la maua ya ukubwa ule ule. Mawili yanayolingana hugombana. Wacha zulia liwe kubwa na pazia liwe dogo, au kinyume chake, na kati yake uweke milia. Kikoi cha milia ya rangi mbili zilizomo kwenye ua ni mpatanishi mzuri, ni pamba, na kinapatikana duka la jirani. Samani za mbao nyeusi zilizochongwa nazo zihesabu kuwa na nakshi tayari; juu yake panafaa uwanja mweupe wenye maua ya nafasi.

Marudio: hesabu inayomaliza mita

Kila kitambaa cha maua kina marudio, yaani umbali kutoka ua moja hadi ua lile lile linapotokea tena kwa kwenda chini. Pima kwa futi ya fundi, usikisie. Vidogo ni sentimita 8 au 16, vikubwa hufika 64. Kila kipande cha pazia lazima kianze mahali pale pale pa ua, la sivyo kwenye mshono waridi litakuwa na nusu kichwa.

Chukua dirisha lenye bomba la sentimita 200. Kutoka bomba hadi sakafuni ni 230, na pazia liishie sentimita 2 juu ya sakafu ili maji ya kupiga deki yasilifikie, kwa hiyo 228. Juu kunja 5 kwa utepe wa marinda, chini 10 kwa pindo la mikunjo miwili. Jumla 243. Kitambaa ni pamba ya upana wa 140, marudio 64, na kipande chako cha majaribio kilirudi asilimia 5 kilipofuliwa. Baada ya kufua, marudio hayo 64 yanakuwa karibu 60.8. Marudio manne yanatoa 243.2. Yanatosha, bila kubaki.

Upana nao: 140 ikirudi ni 133, na vipande vitatu ni 399, ukitoa mishono na kingo vinabaki kama 380, karibu mara mbili ya bomba. Kwa hiyo vipande vitatu vyenye marudio manne ya kitambaa ambacho hakijafuliwa: 3 mara 4 mara 64, sawa na sentimita 768. Muuzaji hatakata mahali ua linapoanza, kwa hiyo ongeza marudio moja. Nunua mita 8.4.

Sasa tazama fundi akipenda pindo la chini la 15 badala ya 10. Urefu unakuwa 248, marudio manne hayafiki, inabidi matano, na kila kipande kinaongezeka 64. Hizo ni karibu mita 2 zaidi kwa ajili ya sentimita 5 za pindo. Ndiyo sababu vipimo vya pindo viamuliwe kabla ya kwenda dukani, na kitambaa kifuliwe chote kabla ya kukatwa. Fundi asiyependa kushona nguo iliyofuliwa kwa kuwa imelegea apewe iliyopigwa pasi vizuri. Pazia lililoshonwa kabla ya kufuliwa litarudi sentimita 11 au 12 likifuliwa baadaye, na dirisha litabaki na kifundo wazi.

Vipande vitatu kwa pazia mbili maana yake kila upande una kipande kimoja na nusu. Nusu ikae upande wa ukutani, kipande kizima kikae katikati ya dirisha, ili mshono ujifiche. Na mafungu yote yatoke jora moja. Majora mawili ya ua lile lile huweza kuwa na uwanja wa maziwa na uwanja wa malai. Dukani hufanana, dirishani hayafanani.

Vipo pia vitambaa vya upana wa 280 ambavyo hugeuzwa: upana wa jora unakuwa urefu wa pazia na hakuna mshono hata mmoja. Hakikisha tu maua yake yamechorwa yakisimama kuelekea ukingo wa jora. Ukigeuza kitambaa cha kawaida chenye maua yanayotazama juu, bustani yako yote italala ubavu.

Mito, makochi na leso

Mto wa kukalia wa 60 kwa 60 wenye unene wa 12 unahitaji vipande viwili vya 63 kwa 63 na mbavu mbili za upana wa 15 na urefu wa 125. Katika upana wa 140 hiyo ni karibu mita 1 kwa mto. Ukitaka ua likae katikati ya kila mto, panga mita 1.3, kwa sababu baina ya ua na ua kutakuwa na masalio. Masalio hayo yashone mbavu. Shada lililokatwa ubavuni halimuudhi mtu.

Foronya ya mto wa pambo ikatwe iwe ndogo kuliko mto kwa sentimita 2 kila upande wa kipimo ili ijae vizuri. Ndani, sufi ya msufi bado ndiyo napendekeza kwa pwani: ni nyepesi, hainywi maji upesi, na ikianikwa juani inafufuka. Sponji ya bei ya chini hushika jasho na harufu.

Leso ni pamba ya maua iliyo karibu kuliko zote, na hakuna kitu kinachoifikia kwa rangi. Lakini ina umbo lake: pindo pande nne, mji katikati, na jina chini. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na ukiondoa pindo mji unatoa nyuso mbili za mto wa 45. Doti moja ni nyuso nne. Migongo shona kwa bafta au kikoi, na pindo litumike kuzungushia kitambaa cha meza. Leso mpya ina wanga mwingi, iloweke usiku kucha na uifue kabla ya mkasi kuigusa. Kwa kochi la kila siku ni nyepesi mno, itachanika kwenye mishono. Itie bitana ya melikani, ile pamba nzito isiyopaushwa. Jina nalo, kama utaliacha lionekane, lisome vizuri kwanza. Wageni watalisoma.

Mapazia ya mitumba ya Kongowea yana faida moja kubwa: yameshafuliwa na kurudi yote yaliyopaswa kurudi. Hatari yake ni jua la kwao. Shika kitambaa kwa vidole gumba viwili karibu na ukingo, uvute kwa ghafla. Kikipasuka au ukisikia nyuzi zikikatika, kiache hapo.

Kwa fundi

Mpe fundi nguo iliyofuliwa, imepigwa pasi, na mishale ya chaki upande wa ndani inayoonyesha ua linatazama juu wapi. Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba hukatika juani kabla ya pazia lenyewe. Sindano namba 11 kwa nguo nyepesi, 14 kwa pamba ya kati, 16 kwa kochi. Ukingo mgumu wa jora ukatwe au utiwe vijikato kila sentimita 10, maana hurudi kuliko nguo yenyewe na kuvuta mshono ukunjamane. Aunganishe vipande kwa pini ua kwa ua kutoka juu kwenda chini, kisha ndipo cherehani ipite.

Wakati nao ni kipimo. Mwaka wa Kiislamu hutangulia kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii Ramadhani na Idi zimeangukia ndani ya joto hili. Kila nyumba inataka mapazia mapya siku ile ile. Mafundi hufurika, na kazi ya kulinganisha maua ndiyo ya kwanza kuharakishwa. Kitambaa kifike kwa fundi kabla Rajabu haijaisha. Shaabani mlango wake hauna pa kupita.

Kufua na kuweka

Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Sabuni haitoi povu, utando wake hubaki kwenye nyuzi, na nguo hukauka ngumu na kijivu. Fua nayo ukilazimika, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu, hata kama ni ndoo mbili za mvua. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isiguse maua kamwe. Inakula rangi na nyuzi pamoja. Anika kivulini penye upepo, upande wa ndani ukiwa nje.

Koga ikitokea, toa pazia nje na ulipangusie huko likiwa kavu, ili vumbi lake lisisambae chumbani. Loweka nusu saa katika maji yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa lita 4, fua kawaida, kausha kabisa. Vidoti vyeusi vilivyokaa muda mrefu mara nyingi havitoki, na bitana hiyo ibadilishwe. Kisha sogeza kochi kiganja kimoja kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake.

Masika yakikaribia na ukataka kuvua maua ya kaskazi utundike mazito, yafue, yakauke siku nzima zaidi ya unavyodhani yanahitaji, na yakunjwe bila kutiwa wanga. Wanga ni chakula cha wadudu wa kabatini na cha koga pia. Yazungushie shuka kuukuu la pamba, si mfuko wa plastiki, ambao hufungia unyevu ndani. Kila baada ya mwezi yafungue na uyakunje mahali pengine, kwa sababu mkunjo wa mahali pamoja ndipo nyuzi hukatikia. Masalio ya kitambaa kile kile yaweke pamoja nayo, yakiwa yamefuliwa idadi ile ile ya mara, ili kiraka cha baadaye kiwe na rangi sawa na pazia.